Geuza daftari: kudurusu mikrobiolojia na magonjwa ya kuambukiza kabla ya mtihani

Swali: Shikamoo, Daktari. Nimebakiza wiki sita nifanye mtihani wa mikrobiolojia ya kitabibu na magonjwa ya kuambukiza. Nina daftari lenye vijidudu zaidi ya mia, kila kimoja na umbo lake, vipimo vyake na magonjwa yake, na nimelisoma mara tatu. Nikiambiwa nieleze bakteria Klebsiella, naeleza vizuri. Nikiletewa mgonjwa mwenye homa na shingo ngumu, vyote vinanichanganyikia kichwani. Nizitumieje wiki hizi sita, na kipi nikiache?

Jibu: Marahaba. Tatizo lako umelitaja mwenyewe. Daftari lako linaanza na kijidudu na kuishia kwa mgonjwa. Mtihani unaanza na mgonjwa na kuishia kwa kijidudu. Njia unayoijua kwa kwenda tu, siku ya kurudi utaiona ngeni. Kulisoma daftari hilo mara ya nne hakutakusaidia. Ligeuze.

Kuligeuza maana yake ni kwamba kila ukurasa mpya uwe na kichwa cha mahali mwilini, si jina la bakteria: utando wa ubongo, mapafu, njia ya mkojo, valvu za moyo, ngozi na nyama, mfupa na kiungo, utumbo, via vya uzazi, na ukurasa mmoja wa homa isiyo na chanzo. Kurasa kumi au kumi na mbili zinatosha. Katika kila ukurasa jibu mambo manne, kwa mpangilio huuhuu. Kwanza, mgonjwa ni nani: umri, ujauzito, hali ya kinga, kama ana wengu, kama ana mpira wa mkojo au valvu ya bandia, na ugonjwa ulimkuta nyumbani au wodini. Pili, vijidudu gani hushambulia hapo kwa mtu wa namna hiyo, visizidi vitano. Tatu, ichukuliwe sampuli gani, na maabara itaona nini. Nne, dawa ipi inafika pale kijidudu kilipo, na kwa siku ngapi.

Nikuonyeshe kwa ukurasa uliokushinda, wa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ukiujenga huo vizuri mwingine wote utajua kuujenga.

Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja: Streptococcus agalactiae (kundi B), E. coli na Listeria. Hawa wanatoka kwa mama, wawili wa kwanza katika njia ya uzazi, Listeria mara nyingi kupitia kondo la nyuma. Kuanzia hapo hadi uzeeni wanaotawala ni pneumokoki na meningokoki, na Haemophilus influenzae aina b kwa mtoto asiyechanjwa. Akishavuka miaka 50, au akiwa mjamzito, au akitumia steroidi, Listeria anarudi kwenye orodha. Usikariri makundi hayo kama orodha tatu. Listeria huishi ndani ya seli, na anayemdhibiti ni kinga ya seli T. Basi kila ambaye kinga hiyo ni changa, imepunguzwa au imezeeka, yumo. Sentensi hiyo moja inabeba orodha zote. Mwenye VVU na CD4 (chembe za kinga) chini ya 100, fikiria kuvu Cryptococcus. Aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa au mwenye mrija wa kutoa maji ya ubongo, fikiria stafilokoki na bakteria wa Gram hasi, Pseudomonas akiwemo. Kifua kikuu kiweke pembeni kwa kila mtu ambaye dalili zake zimejivuta kwa wiki kadhaa.

Maji ya uti wa mgongo sasa. Kwa bakteria: chembe nyeupe kwa kawaida zaidi ya 1,000 kwa kila mikrolita, nyingi zikiwa nyutrofili, protini juu ya gramu 1 kwa lita, sukari chini ya asilimia 40 ya ile ya damu. Kwa virusi: makumi au mamia ya limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe), sukari ya kawaida. Kwa kifua kikuu: limfosaiti, sukari chini, protini juu sana. Kwa Cryptococcus: chembe zinaweza kuwa chache mno hata ukadhani maji ni mazima, ila shinikizo liko juu, mara nyingi zaidi ya sentimita 25 za maji, na kipimo cha antijeni kinatoa jibu haraka.

Mitego iko hapa. Sukari ya 2.5 mmol/l haina maana mpaka ujue ya damu: kwa mwenye sukari ya damu ya 4 hiyo ni asilimia 62, sawa kabisa; kwa mwenye kisukari aliye na 15 ni asilimia 17, hatari. Kwa hiyo ukiulizwa umesahau kuagiza nini, jibu mara nyingi ni sukari ya damu ya wakati uleule. Kifua kikuu na virusi siku za mwanzo vinaweza kuonyesha nyutrofili. Listeria anaweza kuonyesha limfosaiti. Mgonjwa aliyekwishakula antibiotiki anaweza asioteshe chochote huku chembe na protini zikibaki za kibakteria. Usimrudishe nyumbani kwa sababu sahani ya kuoteshea ni tupu.

Matibabu kwa mtu mzima: seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, pamoja na vankomaisini palipo na pneumokoki sugu, ongeza ampisilini gramu 2 kila saa 4 kama Listeria anawezekana, kwani hakuna sefalosporini inayomuua. Deksamethasoni miligramu 10 kila saa 6 kwa siku 4, dozi ya kwanza ikitangulia au kwenda sambamba na antibiotiki ya kwanza. Kwa nini itangulie? Bakteria wakipasuka wanamwaga vipande vya kuta zao, na uvimbe unaofuata ndio unaoharibu usikivu na ubongo. Steroidi ikichelewa inakuta moto umeshawaka. Mtoto mchanga apewe sefotaksimu badala ya seftriaksoni, kwa kuwa seftriaksoni huiondoa bilirubini kwenye albumini, tena huganda ikikutana na kalsiamu ya dripu. Muda: meningokoki siku 7, pneumokoki 10 hadi 14, Listeria siku 21 au zaidi. Na kama mgonjwa anahitaji CT skani kabla ya kuchomwa mgongo, mpangilio ni huu: toa damu ya kuotesha, toa dawa, halafu mpeleke kwenye picha. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuiweka picha mbele ya dawa.

Unaona kilichotokea: vijidudu kumi hivi vya daftari lako vimekaa kwenye ukurasa mmoja, na kila kimoja kina sababu ya kuwapo.

Upande wa maabara, anza na rangi ya Gram, inayowagawa bakteria kuwa chanya (zambarau) na hasi (wekundu), na usiikariri kama kanuni ya mapishi. Kristali violeti kwa dakika 1, iodini dakika 1, asetoni au alkoholi kwa sekunde chache mpaka rangi iache kutiririka, kisha safranini kwa sekunde 30 hadi 60. Iodini huungana na violeti kuwa donge kubwa. Ukuta mnene wa Gram chanya hulinasa, ule mwembamba wa Gram hasi huliachia baada ya alkoholi kuyeyusha utando wa nje. Makosa yote yanatoka humo. Ukiacha alkoholi ikae mno, Gram chanya watageuka wekundu. Ukipaka sampuli nene mno, Gram hasi watabaki na zambarau. Bakteria wa koloni la siku nyingi, au walioguswa na penisilini, wana ukuta uliobomoka, nao huonekana wekundu hata kama kwa asili ni chanya.

Halafu kuna wale wasioonekana kabisa: Mycoplasma hana ukuta, Chlamydia na Rickettsia wamejificha ndani ya seli, Treponema ni mwembamba mno, Mycobacterium amejifunika nta, Legionella hushika rangi kwa shida. Orodha hii usiipite haraka, maana ni orodha ya dawa pia. Asiye na ukuta hawezi kuuawa na dawa inayobomoa ukuta, kwa hiyo penisilini na sefalosporini zote hazimfai Mycoplasma. Aliye ndani ya seli anahitaji dawa inayoingia ndani ya seli, kama doksisaiklini. Treponema tu ndiye anayewatega watu: haonekani kwa Gram, lakini ukuta anao, na penisilini ndiyo dawa yake hadi leo.

Kwa vipimo vya meza ya maabara unahitaji miti miwili mifupi. Wa duara, Gram chanya: katalesi ikitoa mapovu ni stafilokoki, isipotoa ni streptokoki au enterokoki. Kwa stafilokoki fanya koagulesi. Chanya ni S. aureus. Kwa streptokoki angalia damu ya sahani: ikibomolewa nusu na kubaki kijani, optokini humtenga pneumokoki kwa kumzuia kuota, ikibomolewa kabisa, basitrasini humzuia kundi A, na kipimo cha CAMP huwa chanya kwa kundi B. Enterokoki huota kwenye chumvi ya asilimia 6.5. Wa fimbo, Gram hasi: wenye koloni za waridi kwenye sahani ya MacConkey wanachachusha laktosi (E. coli, Klebsiella, Enterobacter), wasio na rangi ni Salmonella, Shigella, Proteus na Pseudomonas, na oksidesi humtenga Pseudomonas na hao watatu.

Mtahini mzuri haulizi matokeo tu, anauliza yanapotoshwa na nini. Katalesi ukichukua koloni pamoja na kipande cha agari ya damu utapata mapovu ya uongo, sababu chembe nyekundu zina katalesi yake. Oksidesi ukitumia waya wenye chuma itageuka rangi bila bakteria kuhusika. Koagulesi ya mrija isomwe baada ya saa 4, kisha 24. Ukiisoma ya saa 24 peke yake unaweza kukuta donge limeshayeyushwa na kimeng'enya cha bakteria huyohuyo, ukaandika hasi.

Majedwali ya uchachushaji wa sukari kwa kila bakteria, yaache, isipokuwa mtaala wako umeyataja kwa jina. Yanakula siku tatu na kurudisha alama mbili.

Damu ya kuotesha ina maswali mengi kuliko watu wanavyodhani. Kinachoamua kama utampata kijidudu ni wingi wa damu kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mtu mzima mwenye bakteria kwenye damu mara nyingi ana wachache kuliko 10 kwa kila mililita. Basi mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili kwa kila seti, seti mbili au tatu kutoka mishipa tofauti, kabla ya antibiotiki. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini yenye alkoholi na iachwe ikauke. Kuifuta ikiwa mbichi ni kuondoa dawa kabla haijafanya kazi. Stafilokoki asiye na koagulesi, Corynebacterium, Cutibacterium au Bacillus katika chupa moja kati ya nne, hapo huenda ni uchafuzi wa ngozi. Hali inabadilika mgonjwa akiwa na valvu ya bandia au mrija wa mshipa mkubwa wa kati, na chupa zaidi ya moja zikatoa bakteria yuleyule. S. aureus, pneumokoki, E. coli na Candida usiwaite uchafuzi kamwe, hata katika chupa moja.

S. aureus kwenye damu ni swali linalorudi mwaka baada ya mwaka, na jibu lake lina vipande vitano: rudia kuotesha damu kila saa 24 hadi 48 mpaka iwe safi, fanya ekokadiografia, tafuta chanzo na ukiondoe (jipu, mrija, kiungo chenye usaha), tibu kwa siku zisizopungua 14 zikihesabiwa kuanzia damu ya kwanza iliyokuwa safi, si kuanzia dozi ya kwanza, na kama si sugu, tumia kloksasilini, flukloksasilini au sefazolini, wala usibaki na vankomaisini kwa kudhani ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa bakteria huyo asiye sugu vankomaisini ni dhaifu kuliko hizo. Ukikutana na Streptococcus gallolyticus kwenye damu, taja kuchunguza utumbo mpana kwa kamera. Huyu huambatana na saratani ya huko.

Usugu wa bakteria kwa dawa ndio mada yenye alama nyingi. Wanafunzi huutengenezea jedwali la dawa ishirini kwa bakteria ishirini, kisha hulisahau ndani ya siku mbili. Upange kwa sababu badala ya majina.

Kuna dawa ambayo haiwezi kuingia. Vankomaisini ni molekuli kubwa, haipiti utando wa nje wa Gram hasi, ndiyo maana haiwagusi. Jentamaisini hubebwa kuingia ndani kwa mfumo unaohitaji oksijeni, kwa hiyo bakteria wasiotumia oksijeni hawaihofu. Na ndani ya jipu, kusiko na oksijeni na kwenye asidi, inazubaa hata kwa bakteria anayeisikia (anayeuawa nayo) vizuri kwenye sahani.

Kuna shabaha iliyobadilika. MRSA (S. aureus sugu kwa methisilini) ana jeni mecA, linalotengeneza protini ya ukuta iitwayo PBP2a ambayo penisilini haiishiki. Tatizo lake si kimeng'enya, kwa hiyo kuongeza klavulanati, ya kuzuia vimeng'enya, hakusaidii kitu. Swali hili limetegwa kwa namna nyingi, jibu ni lilelile. Maabara humtafuta kwa kisahani cha karatasi chenye sefoksitini kwa sababu hicho humchochea aonyeshe usugu wake vizuri kuliko oksasilini. Enterokoki na Listeria nao wana protini za ukuta ambazo sefalosporini hazizishiki vizuri. Mgonjwa aliye kwenye seftriaksoni kwa wiki mbili na sasa ana homa mpya, mshuku enterokoki. Enterokoki sugu kwa vankomaisini amebadilisha ncha ya kipande cha ukuta kutoka D-alanini-D-alanini kuwa D-alanini-D-laktati.

Kuna kimeng'enya kinachokata dawa. Klebsiella anacho cha kuzaliwa nacho dhidi ya ampisilini. Ripoti ya maabara ikisema Klebsiella anasikia ampisilini, litilie shaka jina au kipimo. Wenye ESBL (vimeng'enya vinavyokata sefalosporini nyingi) hukata seftriaksoni na wenzake, na kwa maambukizi mazito unakwenda kwenye kabapenemu. Enterobacter cloacae ana kimeng'enya cha AmpC kilicholala: siku ya kwanza ripoti inaonyesha seftriaksoni inafaa, ukimtibu nayo kinaamka, na siku ya tano mgonjwa anarudi na homa. Stenotrophomonas hukata hata kabapenemu. Dawa yake ni trimethoprimu na sulfamethoksazoli. Etapenemu haimpati Pseudomonas, ingawa kabapenemu nyingine zinampata.

Na kuna dawa inayoua vizuri kwenye sahani lakini haifiki kwa mgonjwa. Daptomaisini huzimwa na utelezi unaopaka vifuko vya hewa, hivyo haitibu nimonia. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo tu. Inatibu kibofu, haitibu figo lenye homa wala damu, na Proteus ni sugu kwake tangu kuzaliwa. Moksifloksasini kinyume chake haifiki vya kutosha kwenye mkojo.

Mambo mawili ya kusoma ripoti. Usilinganishe namba za MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria kuota) kati ya dawa mbili: 0.5 ya hii si lazima iwe bora kuliko 2 ya ile, kwa sababu kila dawa ina mpaka wake. Na sahani ya stafilokoki inayoonyesha sugu kwa erithromaisini lakini inasikia klindamaisini, iangalie umbo: eneo safi la klindamaisini likiwa limebonyea upande ulio karibu na erithromaisini hadi kufanana na herufi D, usugu umejificha na klindamaisini itashindwa.

Serolojia huogopwa bure. Homa ya ini B ina maswali matatu. Je, virusi vipo? HBsAg (kipande cha juu cha kirusi). Je, mwili umewahi kukutana na kirusi kizima? Anti-HBc (antibodi dhidi ya kiini chake). Je, kuna kinga? Anti-HBs (antibodi dhidi ya kipande cha juu). Chanjo ina kipande cha juu peke yake, kwa hiyo aliyechanjwa ana anti-HBs bila anti-HBc. Aliyeugua akapona ana zote mbili. HBsAg ikidumu zaidi ya miezi 6, ugonjwa umekuwa wa muda mrefu. Ikiwa HBsAg imeondoka na anti-HBs haijaja, anti-HBc ya IgM peke yake ndiyo inayomfichua mgonjwa. Jaribu kuchora hali hizo bila kuangalia. Ukiweza mara tatu mfululizo, funga ukurasa. Kaswende vivyo hivyo: kipimo cha kitreponema mara nyingi hubaki chanya maisha yote, RPR (kipimo kisicho cha kitreponema) ndiyo inayofuatilia matibabu, na kushuka kwa maana ni mara nne, yaani kutoka 1:32 hadi 1:8. RPR hasi kwa mtu mwenye vipele vya kaswende ya pili viganjani: omba wapunguze makali ya seramu kwa kuichanganya na maji ya chumvi, antibodi zimekuwa nyingi hadi zimezuia kushikana.

Muda wa kuatamia utumie kama kisu cha kukata, si kama jedwali. Kutapika saa 1 hadi 6 baada ya chakula: sumu ilikuwa tayari imo, ya S. aureus au Bacillus cereus, na antibiotiki haina kazi. Saa 8 hadi 16, kuhara na maumivu: Clostridium perfringens. Msafiri mwenye homa iliyoanza siku 30 baada ya kurudi: denge imetoka, kwani haivuki siku 14, na Ebola imetoka, kwani haivuki 21, malaria bado imo, homa ya ini imo, kifua kikuu kimo.

Malaria: jua kwamba kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2 (protini ya kimelea) hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo hakifai kufuatilia matibabu, hadubini ndiyo inayohesabu vimelea. Malaria kali hutibiwa kwa atesuneti ya mshipa miligramu 2.4 kwa kilo saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Mtoto wa chini ya kilo 20 apewe 3. Vivax na ovale hulala kwenye ini. Primakwini huwamaliza humohumo, lakini pima kimeng'enya cha G6PD kwanza.

Kifua kikuu: hadubini inahitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ya makohozi, hivyo kioo hasi hakifuti ugonjwa. Kipimo cha jeni huona wachache zaidi, ila huona na maiti za bakteria, kwa hiyo usikitumie kujua kama dawa zimefanya kazi. Dawa nne miezi 2, mbili miezi 4. Madhara: ethambutoli macho, isoniazidi neva na ini, pirazinamidi asidi ya yuriki na ini, rifampisini inaharakisha uvunjaji wa dawa nyingine. Hapo ndipo swali la VVU linapoingilia: dolutegraviri hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dawa za VVU huanzishwa ndani ya wiki 2 za kuanza dawa za kifua kikuu, lakini kama ni cha utando wa ubongo, au ni Cryptococcus wa ubongo, subiri wiki 4 au zaidi. Ukiharakisha, kinga inayoamka huvimbisha mahali pasipo na nafasi ya kuvimba.

Vimelea vipe safu tatu tu: hatua inayoambukiza, hatua inayoonekana maabara, dawa. Mizunguko mizima yenye mishale, iache. Mfano unaolipa ni Taenia solium: ukila vifuko kwenye nyama ya nguruwe unapata tegu la utumbo, ukila mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu unapata vifuko vya ubongo na kifafa. Hata asiyekula nguruwe anaweza kuvipata. Na mnyoo Strongyloides mkumbuke kila unapoona steroidi.

Ratiba yako: wiki nne za kwanza, kurasa tatu kwa wiki, kila ukurasa ujengwe siku moja na uandikwe upya kwa kichwa kwenye karatasi tupu baada ya siku 1, 3, 7 na 14. Wiki ya tano, usugu na madhara ya dawa. Wiki ya sita, maswali yaliyochanganywa, si kwa mada. Ukijua mada umeshapewa nusu ya jibu. Kila swali ulilokosa liandike kwenye moja ya safu tatu: sikujua, nilijua nikachanganya, sikusoma swali vizuri. Safu ya pili ikijaa, weka vile viwili vinavyochanganyika kwenye mstari mmoja na uandike tofauti moja tu inayovitenga. Ya tatu ikijaa, zoea kupigia mstari maneno ya mwisho wa swali kabla ya kusoma majibu: hatua ya kwanza ni kitu kimoja, kipimo cha kuthibitisha ni kingine.

Kwenye kituo cha vioo vya hadubini, siku ya mtihani, sema unachoona kabla ya jina: bakteria wa duara, Gram chanya, kwenye vishada, pamoja na nyutrofili, hii inalingana na stafilokoki. Ukisema S. aureus kwa kuangalia kioo peke yake, mtahini ana haki ya kukuuliza koagulesi umeifanyia wapi.

Dozi kariri za dharura tu: homa ya uti wa mgongo, malaria kali, na mshtuko wa maambukizi ya damu, ambako antibiotiki huingia ndani ya saa 1 na maji ya mshipa ni mililita 30 kwa kilo katika saa 3 za kwanza. Dozi nyinginezo zote, taja dawa, njia na idadi ya siku. Ukiulizwa zaidi ya hapo, ni halali kusema utaangalia mwongozo wa dawa na utendaji wa figo za mgonjwa kwanza.